Ukienda mashambani Ufaransa mwezi wa Mei, usishindane na mvua

TUSEME umeweka akiba kwa miaka mitatu. Zamu yako katika chama imefika, mkopo wa ushirika umepitishwa, na sasa wewe na jamaa yako mna nia ya kwenda Ufaransa. Si Paris ya mnara wa Eiffel na maduka ya manukato, la hasha. Mnataka kwenda mashambani, kwenye nyumba za mawe, mito, mapango na ng'ombe. Rafiki amekuambia kwamba mwisho wa majira ya machipuko, yaani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Juni, ndio wakati mzuri kuliko wote. Maua yamejaa, watalii hawajafurika, na bei za nyumba bado hazijapanda kama za Julai na Agosti.

Rafiki huyo hakukudanganya. Lakini kuna jambo ambalo huenda hakulitaja. Mwezi wa Mei nchini Ufaransa hauna msimamo. Asubuhi utatoka umevaa shati, adhuhuri utatafuta sweta, alasiri mvua ya mawe itakukuta njiani, na jioni jua litawaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Mimi yalinipata. Mnamo Mei 2013 mimi na mke wangu tulikwenda huko kwa siku tisa. Niliipanga safari hiyo kama ratiba ya mitihani: vijiji vitano, nyumba tano za kulala, na zote nilikuwa nimezilipia kabla hatujapanda ndege. Machipuko ya mwaka huo yalikuwa ya baridi isiyo ya kawaida, na mvua ikaandamana nasi kama mdeni. Siku tuliyopangiwa kupiga makasia mtoni, maji yalikuwa yamejaa na wenye mitumbwi walikuwa wameifunga kwa minyororo. Kesho yake jua liliwaka, mto ukang'aa, lakini sisi tulikuwa ndani ya gari tukikimbilia kitanda kingine kilicholipiwa, mwendo wa saa nne. Picha nyingi tulizorudi nazo zilipigwa kupitia kioo cha gari. Hadi leo mke wangu huiita safari hiyo "ziara ya waipa".

Tulirudi mwisho wa Mei 2024. Mara hii tulikuwa na mama yangu mzazi, mkulima wa viazi kutoka Kinangop, ambaye alitaka kumwona mjukuu wake anayesomea Toulouse. Machipuko hayo ya 2024 yalikuwa miongoni mwa yale yenye mvua nyingi zaidi nchini Ufaransa kwa miaka mingi. Hata hivyo, hiyo ndiyo safari tunayoisimulia nyumbani kwa furaha. Hali ya hewa ilikuwa mbaya mara zote mbili. Kilichobadilika ni jinsi tulivyopanga.

HAKUNA MASIKA KULE

Sisi tumelelewa na mvua zenye majina. Kuna masika na kuna vuli, na hata zikichelewa au zikizidi, mkulima anajua ni mgeni gani anayemngojea. Swali la kwanza ambalo mama aliwauliza wenyeji wetu, mjukuu wake akitafsiri, lilikuwa: "Mvua yenu huanza lini?" Walitazamana wakacheka. Sehemu kubwa ya Ufaransa haina msimu wa mvua. Hunyesha mwezi wowote wa mwaka, ikiletwa hasa na pepo za magharibi zitokazo bahari ya Atlantiki.

Machipuko ndiyo majira ya ubishi zaidi. Jua limeshapanda juu na linaipasha ardhi joto, lakini hewa baridi ya kaskazini bado haijakubali kuondoka. Hewa hizo zinapokutana mawingu hupanda kwa kasi, hasa saa za alasiri, na ndipo zinapokuja radi na mvua ya mawe.

Hebu tazama miaka miwili tu. Mei 2022 ndiyo iliyokuwa Mei yenye joto zaidi kuwahi kupimwa Ufaransa hadi wakati huo. Mei 2024 ilikuwa ya miavuli. Nchi ni ile ile na mwezi ni ule ule. Kabla ya hapo, mapema Aprili 2021, jalidi ilikuwa imeshuka usiku na kuunguza machipukizi ya mizabibu. Wakulima waliwasha mishumaa mikubwa mistari kwa mistari shambani ili kupasha hewa moto, na bado wengi walipoteza mavuno. Wazee wa huko mpaka leo hawapandi nyanya nje kabla ya kupita "watakatifu wa barafu", yaani Mamert, Pancrace na Servais, ambao siku zao za jadi ni tarehe 11, 12 na 13 Mei. Mama hakuhitaji kufafanuliwa hilo. Kinangop usiku mmoja wa jalidi unaweza kugeuza shamba zima la viazi kuwa jeusi. Yeye na mwenye nyumba yetu, ambaye pia ni mkulima, walielewana juu ya jambo hilo bila hata ya mkalimani.

Kwa hesabu za kawaida, eneo la mto Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, hupata mvua karibu siku moja katika kila siku tatu za Mei. Mchana joto hufika nyuzi 20 hivi na usiku hushuka hadi 9 au 10. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni Julai ya kwetu. Kwa mtu wa Mombasa hiyo ni adhabu. Lakini usiutegemee sana wastani huo, kwa sababu ndani yake mna siku za nyuzi 12 na siku za nyuzi 28, na huenda zikafuatana.

Kuna zawadi moja ambayo Mwafrika wa ikweta hawezi kuifikiria mpaka aione. Mwisho wa Mei jua huko huchomoza yapata saa kumi na mbili na robo asubuhi na halitui mpaka saa tatu na nusu usiku. Maana yake nini? Mvua ikinyesha kutoka asubuhi hadi saa kumi alasiri, bado una saa tano na zaidi za mwanga. Kwetu siku ikishanyeshewa imekwisha. Kule ndipo inapoanza. Tulipolijua hilo tuliacha kulala mapema, na baadhi ya matembezi yetu bora yalianza saa kumi na moja jioni, njia zikiwa bado zinanukia udongo mbichi.

LALA MAHALI PAMOJA

Sasa tuingie katika kupanga kwenyewe. Ukitaka kuwa huru na mvua, chagua nyumba moja na ukae hapo siku zote. Usihamehame. Ukiwa na kitanda kimoja, kila asubuhi unaweza kuamua upya uelekee wapi. Ukiwa na vitanda vitano vilivyolipiwa, umeshaamua tangu Nairobi, na mvua haikuulizwa.

Sisi tulichagua kijiji kilicho karibu na mji mdogo wa Souillac, kando ya mto Dordogne. Mji huo una stesheni katika reli ya kutoka Paris kwenda Toulouse. Kutoka Paris ni karibu saa tano kwa treni, na kutoka Toulouse, alikokuwa binti yetu, ni kama saa mbili. Ukiwa hapo, mapango, masoko na miji ya kale ya eneo hilo imekuzunguka, na mahali pengi pa maana hapazidi mwendo wa saa moja au saa moja na nusu kwa gari.

Nyumba ya kukodi mashambani huitwa gîte. Ni nyumba kamili yenye jiko na vyombo, nanyi mnajipikia wenyewe. Familia ya watu wanne au watano huokoa pesa nyingi hapo, maana kula hotelini mara tatu kwa siku kutakumaliza. Mpango wa nyumba hizi ulianza mapema katika miaka ya 1950, wakulima walipotiwa moyo kukarabati nyumba zilizokuwa zimeachwa tupu watu walipohamia mijini. Mashine ya kahawa mtaiona, birika la chai huenda msilione. Mama alibeba majani yake ya chai kutoka nyumbani, na sufuria moja tukaifanya ya chai siku zote kumi.

Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili. La kwanza ni moto. Nyumba za mawe ni baridi mwezi wa Mei, na katika mikataba mingi gharama ya kupasha nyumba joto haimo katika bei. Uliza kama kuni au umeme vinalipiwa kando. Usione haya kuuliza.

La pili ni malipo ya awali. Tazama katika mkataba kama yameandikwa arrhes au acompte. Kwa macho ya mgeni ni kitu kimoja, lakini sheria ya Ufaransa inayatofautisha. Ikiwa ni arrhes, ukighairi safari unapoteza fedha hizo na mambo yanaishia hapo, na mwenye nyumba akighairi yeye, anakurudishia maradufu. Ikiwa ni acompte, umejifunga, na unaweza kudaiwa bei yote hata usipokwenda. Na mvua, msomaji wangu, si sababu ya kurudishiwa chochote.

Gari nalo utalihitaji. Mabasi ya mashambani ni machache, na Jumapili ni kama hayapo. Chukua leseni ya kimataifa ya udereva kutoka chama cha magari kabla ya kuondoka, na ukumbuke kwamba kule huendeshwa upande wa kulia. Siku ya kwanza mke wangu alinishika bega katika kila mzunguko wa barabara.

VIZA HAIULIZI HABARI ZA JUMANNE

Utaniuliza, "Utakuwaje na safari isiyo na ratiba wakati ubalozi unataka kujua kila kitu?" Swali zuri. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa viza ya Schengen inataka uthibitisho wa malazi na tarehe za safari, basi lazima kila saa iwe imepangwa. Sivyo. Ombi la viza linataka kujua utaingia lini, utatoka lini, utalala wapi, utaishi kwa pesa gani na nini kitakurudisha nyumbani. Haliulizi Jumanne utatembelea pango lipi. Nyumba moja kwa siku zote hulifanya ombi lako liwe jepesi zaidi, kwa maana karatasi ya malazi ni moja na hadithi yako ni moja.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na hayapaswi kufika chini ya siku 15 kabla yake. Usingoje hizo siku 15, kwani hata kupata nafasi ya kupeleka karatasi huchukua muda. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya hapo hawalipi. Bima ya matibabu ya safari lazima iwe ya kiasi kisichopungua yuro 30,000. Ada hairudishwi ukinyimwa viza, kwa hiyo usinunue tikiti ya ndege isiyoweza kubadilishwa kabla viza haijagongwa katika pasipoti.

Na watoto je? Hapa lazima tuseme ukweli. Muhula wa pili wa shule zetu huwa umeshaanza katikati ya Mei, na likizo ya katikati ya muhula ni ya siku chache tu. Safari hii inawafaa zaidi wanafunzi wa vyuo vikuu, wazazi wenye mtoto ambaye hajaanza shule, na wale ambao, kama sisi, wana mtu wao anayesoma huko. Mwenye watoto wa shule ya msingi itambidi aende Aprili, na Aprili ina hasira kuliko Mei.

Kabla ya kuchagua wiki, fungua kalenda ya Ufaransa. Mei ina sikukuu nyingi: tarehe 1, tarehe 8 ambayo ni ukumbusho wa mwisho wa vita mwaka 1945, Alhamisi ya Kupaa na Jumatatu ya Pentekoste, ingawa hizi mbili za mwisho hufuata Pasaka na pengine hufika Juni. Kupaa kwa kuwa huwa Alhamisi, watu wengi huomba ruhusa ya Ijumaa, nao husema "wamejenga daraja" hadi Jumatatu. Siku hizo barabara hufurika na nyumba hujaa. Mvua unaweza kuikwepa kwa kungoja jioni. Msongamano wa daraja hukwepeki.

VIKARATASI VYA MVUA NA VYA JUA

Hapa ndipo penye siri ya safari yetu ya pili, nayo ni wazo la binti yetu. Aliandika vikaratasi na kuvitia katika mabakuli mawili juu ya meza ya jikoni. Bakuli moja lilikuwa la mvua na jingine la jua. Kila asubuhi tulitazama angani, tukajua ni bakuli gani, kisha mama akachagua kikaratasi kimoja. Hakuweza kusoma Kifaransa kilichoandikwa humo, lakini alikuwa na raha ya kuwa mwenye kuamua.

Bakuli la mvua likijazwa vizuri halikuachi mikono mitupu. Eneo hilo limejaa mapango yenye michoro ya watu wa kale, na ndani ya pango mvua haina kazi. Maarufu zaidi ni Lascaux, karibu na Montignac, lililogunduliwa na vijana mwaka 1940. Lilifungwa kwa wageni mwaka 1963 kwa sababu pumzi za watu zilikuwa zinaiharibu michoro, na leo unachotembelea ni nakala kamili iliyofunguliwa Desemba 2016. Ukitaka michoro halisi, nenda Pech Merle, si mbali na mji wa Cahors. Kuna farasi wenye madoadoa ukutani ambao umri wao unakadiriwa kuwa miaka 29,000. Hapo idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, hivyo ununue tikiti mapema. Mama alisimama mbele ya alama ya mkono wa binadamu iliyochorwa mwambani, akanyanyua wake akaupima hewani bila kugusa. "Ni wa mwanamke huu," akasema. Hatukumbishia.

Bakuli hilo lilikuwa pia na soko la Sarlat, ambalo huwa Jumatano na Jumamosi. Mle mjini kuna kanisa la kale lililogeuzwa kuwa soko lenye paa, na milango yake ya chuma ni mirefu kama ya ghala la treni. Mei ni mwezi wa stroberi na jibini changa ya mbuzi. Nenda asubuhi, kwa sababu maduka ya mashambani hufungwa saa za chakula cha mchana, na Jumapili alasiri hupati hata mkate.

Bakuli la jua lina mitumbwi ya mto Dordogne, vijia vya miguu kati ya miti ya jozi, na Rocamadour, mji uliong'ang'ania ukuta wa jabali. Mahujaji huupanda kwa ngazi 216, ambazo zikilowa huteleza vibaya. Shimo la Padirac nalo liweke katika bakuli la jua kali. Utashuka mita 103 chini ya ardhi na kupanda mashua katika mto unaopita gizani, na joto huko chini ni nyuzi 13 mwaka mzima. Ukiingia na jasho la nyuzi 30 bila sweta, utatoka unakohoa.

Umeona mpango wenyewe? Vitu tulivyolipia mapema vyote vilikuwa vya chini ya paa au chini ya ardhi, ambako tarehe haidhuru. Vya nje hatukulipia kimoja kabla ya siku yake. Mwaka 2013 nilifanya kinyume kabisa.

Tulikuwa na jambo moja tu lenye tarehe yake ambalo halikuingia katika bakuli lolote. Mwisho wa Mei, siku za karibu na tarehe 25, wafugaji wa nyanda za juu za Aubrac hupandisha ng'ombe wao kwenye malisho ya kiangazi. Ng'ombe hao wa rangi ya kahawia hafifu, wenye macho kama yaliyotiwa wanja, huvishwa kengele kubwa, maua na bendera, na watu hujipanga barabarani kuwashangilia. Ni mbali kutoka Souillac na ni juu ya mita 1,000, kwa hivyo baridi ni ya uhakika. Tulikwenda kwa mvua na kurudi kwa mvua. Mama alilowa hadi magotini na akakataa katakata kurudi garini kabla ng'ombe wa mwisho hajapita. Alikuwa akihesabu.

MTAZAME MWENYE TREKTA

Utabiri wa hali ya hewa utumie kwa kiasi chake. Wa siku tatu uamini, wa siku tano uusikilize, wa siku kumi uusome kama hadithi. Idara ya Météo-France huambatanisha utabiri wake na alama ya 1 hadi 5 kuonyesha inavyouamini yenyewe. Alama ikiwa 2, usiende kulipia mtumbwi wa wiki ijayo.

Wakulima wana utabiri wao. Mwisho wa Mei ni wakati wa kukata nyasi za kukausha, na nyasi zinahitaji siku kama tatu za jua mfululizo. Ukisikia matrekta yakinguruma shambani mpaka usiku, jua kwamba wenyeji wameshaamua kutakuwa kukavu. Kikaratasi cha Rocamadour tulikichagua kwa njia hiyo.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho nakuomba ujifunze kabla ya kulala usiku wa kwanza, nacho ni ramani ya tahadhari. Tangu mwaka 2001 idara hiyo hutoa ramani ya nchi nzima, wilaya kwa wilaya, ikitengenezwa upya angalau asubuhi na alasiri. Kijani maana yake hakuna la kuhofia. Manjano ni kuwa mwangalifu, hasa kando ya mito au chini ya miti. Rangi ya chungwa ni hatari, acha safari. Nyekundu ni kujifungia ndani na kufuata amri za serikali. Mito ina ramani yake, Vigicrues, yenye rangi hizo hizo. Ukipatwa na dharura, nambari ni 112.

Kwa nini nasisitiza? Usiku wetu wa tatu radi ilipiga kwa saa mbili. Niliposhuka jikoni nilimkuta mama ameketi karibu na meko, amevaa koti na viatu, mkoba wake magotini. Hakuwa amelala. Nanyi mnakumbuka mwaka huo wa 2024 ulivyokuwa kwetu. Mafuriko yalikuwa yameua watu wengi, na mwisho wa Aprili maji yalikuwa yamewabeba watu usiku huko Mai Mahiu, chini tu ya miinuko ya Kinangop. Baadhi ya waliofiwa mama alikuwa akiwajua. Sisi tulikuwa tunaiona mvua kama kitu cha kuharibu likizo. Yeye alikuwa akiisikiliza kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango.

Asubuhi mwenye nyumba alikuja, akafungua simu na kumwonyesha ramani. Wilaya yetu ilikuwa ya manjano. Kisha akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha mwamba ambao ukuta umesimama juu yake, na mto ulivyo mbali, chini kabisa bondeni. Kuanzia siku hiyo mama ndiye aliyeuliza rangi kila jioni kabla ya chakula. "Leo ni rangi gani?" Akiambiwa kijani alikula vizuri.

Ningejua, ningemwonyesha ramani hiyo siku ya kwanza, hata kabla ya kufungua masanduku.

Kuhusu mavazi sina mengi. Usinunue koti zito la theluji. Vaa vitu vyepesi vingi, kimoja juu ya kingine, uvue na kuvaa kadiri siku inavyogeuka. Masweta ya sufi tuliyapata Gikomba kwa bei ya chai na mandazi, na bila shaka baadhi yalikuwa yanarudi kwao. Koti la mvua lenye kofia linashinda mwavuli, kwa sababu mvua ya huko huja na upepo. Beba jozi mbili za viatu vya kufunga, ili moja ikauke huku nyingine ikilowa. Na mzee akiwa pamoja nanyi, mbebee soksi nyingi kuliko unavyodhani zitatosha.

Katika siku kumi tulipata siku nne za mvua ya kutwa, tatu za manyunyu na tatu za jua. Bakuli la mvua tulilimaliza kabisa, la jua likabaki na vikaratasi vitano, ambavyo binti yetu anavyo mpaka leo. Jioni ya mwisho kulitakata. Saa tatu usiku jua lilikuwa bado juu ya miti ya jozi, na mama alikuwa nje na kikombe chake, akikataa kuambiwa ni wakati wa kulala na kuku wa jirani bado wanatembea. Akaomba simu apige nyumbani. Kinangop ilikuwa saa nne, na ndugu yangu alikuwa ameshalala. Mama alimwamsha, akamuuliza kama mvua imepungua na kama mteremko wa nyuma ya boma umeshika. Ndugu yangu akamjibu kwamba huku jua limewaka wiki nzima, viazi vinataka palizi, na yeye anarudi lini?